Juisi ya Cheri Kwenye Meza ya Wakwe

Watu walikuwa wametoka pande zote za dunia wakapanga foleni juani ili wayaone mawe ya Akropoli. Natela hakuyaona. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya mumewe. Daktari wa Kutaisi, mjini kwao kule Jojia, alishamwambia kwamba midomo ikianza kugeuka bluu, ajue mambo yameharibika.

"Baba, njoo huku juu! Athene yote inaonekana!" Maka aliita akiwa ngazi kumi mbele yao.

"Nakuja, mwanangu!" akajibu Vazha, na kweli akaenda, mtu mwenye kichwa kigumu kuliko hayo mawe yenyewe.

Wiki saba. Ni wiki saba tu tangu alipopasuliwa kifua, na binti yao hana habari. Maka yuko Athene mwaka wa sita huu, anamtunza bibi mmoja wa Kigiriki asiyeweza kutoka kitandani. Angejua, angeacha kila kitu arudi Jojia, uchumba wake na Gocha, kijana wa Kijojia anayeishi huko huko Athene, uishie hapo. Ndiyo maana Vazha alimwapisha mkewe pale pale wodini: "Ukimwambia mtu, hata mmoja, mimi na wewe basi. Naenda kukutana na wakwe. Siendi kutazamwa kama maiti." Natela akaapa. Jamani, mwanamke gani mwenye akili zake anaapa kiapo kama kile? Lakini aliapa, na sasa alikuwa anapanda mlima na vidonge vya moyo amevificha kwenye sidiria.

Wakati wa kushuka, Vazha aliinama mara tatu kufunga kamba za viatu.

"Kiatu hiki kina mkosi," alisema huku akihema.

"Tupumzike kidogo, Vazha."

"Wewe pumzika. Mimi nimechoka nini?"

Maka alicheka, akampiga baba yake picha akiwa ameinama. Natela aliitazama tena midomo ya mumewe. Alijiuliza kama hiyo ndiyo itakuwa picha ya mwisho, akajilaani kwa kuwaza hivyo, kisha akawaza tena.

Na ngazi zile zilikuwa afadhali. Kilichomnyima usingizi tangu Kutaisi kilikuwa chakula cha mchana, na baba yake Gocha. Kwetu Jojia watu hawakai mezani hivi hivi. Huwekwa tamada, bwana wa meza, naye husimama na kutoa maneno: kwa Mungu, kwa nchi, kwa wazazi, kwa waliotangulia. Kila neno lina kikombe chake cha divai, na mwanamume humaliza kikombe. Kutakia heri kwa maji au juisi ni kumtemea mate unayemtakia. Daktari naye alikuwa amesema wazi: "Akinywa divai juu ya dawa hizi, usinipigie simu mimi. Mpigie padri."

Mgahawa ulikuwa wa mama mmoja wa Kigiriki huko mtaa wa Kipseli, vichochoroni. Natela alisema anakwenda kunawa mikono, akaingia moja kwa moja jikoni. Kigiriki hajui hata neno. Alimshika yule mama mkono, akamwonyesha kupitia dirishani mwanamume aliyekaa mezani, akajigusa kifua, akajifanya anakunywa, kisha akapitisha kidole shingoni. Yule mama alimtazama Vazha, akamtazama Natela. Akafungua friji bila kuuliza kitu, akajaza jagi la udongo juisi ya cheri nyeusi, rangi ile ile ya divai yetu. Natela nusura ambusu miguu.

Alipotoka na jagi lake, Guram, baba yake Gocha, alikuwa anaweka mezani galoni mbili za plastiki zilizojaa divai. Fundi mwashi, mikono kama makoleo, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Hii imetoka shambani kwa kaka yangu! Si maji ya rangi ya hawa Wagiriki. Mkwe, leta kikombe!"

"Mume wangu namhudumia mwenyewe," Natela akadakia, na kikombe cha Vazha kikawa kimeshajaa juisi.

Guram alicheka mpaka meza ikatikisika. "Ohoo! Gocha, umeona? Mama mkwe wako hamwachii kijana yeyote ammiminie mumewe! Hivi ndivyo unavyokwenda kushikwa, pole sana mwanangu."

"Mimi nimeshashikwa, baba," Gocha akasema, Maka akamfinya.

Wakala. Mwanakondoo wa tanuri, jibini, na mikate ya jibini ambayo Maka alikuwa ameipika alfajiri. Kwa Natela vyote vilikuwa na ladha ya pamba. Guram akiwa tamada alisimama, akaongea vizuri, lazima tuseme ukweli, aliongea vizuri mno, na Vazha akajibu kwa maneno yake mazuri, akamaliza kikombe. Juisi. Wakanywa kwa ajili ya amani. Juisi. Ilipofika zamu ya marehemu, wote wakasimama kimya, na Natela akamwomba mama yake aliye kaburini msamaha kwamba mkwe wake anamkumbuka kwa kinywaji cha watoto. Lakini Vazha alikuwa ameshiba, mashavu yamepata rangi, anatania. Natela akathubutu kumeza kipande cha nyama. Labda yatapita, akajiambia. Jagi bado lina nusu.

Ndipo Guram akafuta masharubu, akazunguka meza.

"Basi sasa mimi na huyu. Leo nimepata ndugu. Kijijini kwetu ndugu hawafanyi nusu nusu, wanabadilishana vikombe. Changu anywe yeye, chake ninywe mimi, mkono ndani ya mkono!"

Natela akaweka uma chini. Hilo hakuliwaza. Siku zote zile za kukosa usingizi alipanga kila kitu, hili hakuliwaza! Guram alishajaza kikombe chake mpaka ukingoni, kikubwa kama bakuli. Viwiko vikashikana. Vazha alikuwa ameshika divai, divai ya kweli. Akamtazama mkewe mara moja tu, na jicho lile lilisema: nyamaza.

Kisha akakiinua. Angekunywa! Mjinga yule angekunywa akafa amesimama kuliko kuonekana mgonjwa mbele ya mkwe.

"Usinywe!" Natela aliruka, kiti kikaanguka. Akakamata kifundo cha mkono wa mumewe kwa mikono yote miwili, divai ikammwagikia mpaka kwenye viwiko. "Guram, nisamehe. Amepasuliwa moyo. Wiki saba. Hicho alichokunywa tangu tukae mezani... ni juisi, chote ni juisi. Nilimpa mimi. Divai itamuua."

Watu wa meza ya pili waligeuka kutazama. Maka alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Mama? Wiki saba? Si mlisema alikuwa kwa baba mdogo anavuna?"

Guram alionja kile kikombe cha juisi kwa ncha ya ulimi. Akakirudisha mezani polepole. "Hata kwa marehemu?" akauliza.

"Hata kwa marehemu," akasema Natela, machozi yakimtoka.

Guram akachukua kipande cha mkate, akakimiminia divai iliyobaki kama tunavyowafanyia wafu wetu. "Basi nimewalipia mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Kaa chini, ndugu yangu."

Lakini Vazha hakukaa. Aliweka kikombe, akachukua kofia, akatoka bila kumtazama mtu. Maka alitaka kukimbia, Natela akamzuia na kumfuata mwenyewe.

Alimfikia kwenye kivuli cha michungwa. Alikuwa anakwenda kwa hatua kubwa, shingo nyekundu kwa hasira.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema bila kugeuka. "Sitakusamehe, Natela. Usiniongeleshe. Sikutaki!"

Natela alitembea nyuma yake hatua mbili, akiisikiliza pumzi ile inayoingia na kutoka, nzito, yenye hasira, nzima.

"Sawa," akasema. "Nuna, mume wangu. Ninunie hata miaka ishirini."