Bajda Hakusahau Milango

Amri ilikuwa moja tu: mbuzi wote wachinjwe, nyama iende jiko la umma. Ilikuwa Vita vya Pili vya Dunia; kutoka kisiwa cha Malta zilizamishwa meli za Wajerumani zilizopeleka silaha Afrika, nao wakalipiza kwa mabomu na njaa. Kisiwa kidogo, kisirani kikubwa.

Vitorin alimficha Bajda, mbuzi wake wa mwisho, katika kijumba alichokichonga ndani ya handaki la mtaa la kujikingia mabomu. Mjukuu wake Nina alikuwa mchanga, mama yake amefukiwa na kifusi, na maziwa ya Bajda ndiyo yaliyomweka hai.

"Shangazi, mbona kwako kunanuka beberu?" jirani alimchokoza.

"Ni mimi huyo. Sabuni uliiona lini wewe?"

Handaki zima likacheka, likaitunza siri. Hata Spiru, polisi wa mtaa, alijifanya hasikii mbuzi akilia.

Asubuhi moja bomu lilitua karibu, na katika vurumai Bajda akakata kamba. Vitorin alimkuta barabarani, akifanya kazi yake. Miaka yote Vitorin aliuza maziwa nyumba kwa nyumba, akikamulia mlangoni kwa mteja, ndani ya jagi la mteja mwenyewe, asije mtu akasema katia maji. Sasa Bajda alisimama kila mlango kama alivyozoea, hata pale palipobaki kizingiti bila nyumba.

"Bajda! Njoo, mshenzi we!" Vitorin aliita kwa sauti ya chini.

Bajda akaenda kusimama mlangoni kwa Spiru. Mkubwa wa Spiru alikuwa pale pale, na lori la kukusanyia mbuzi.

"Wa nani huyu?"

Spiru alitazama viatu vyake. Bajda akamgeukia Vitorin, akatanua miguu akamuliwe.

"Wangu, bwana. Nina mtoto mchanga."

"Nani hana mtoto, mama? Mpakieni."

"Basi nimkamue kwanza."

Spiru alileta jagi lake mwenyewe. Vitorin alikamua mpaka tone la mwisho. Maziwa yale yaliisha kesho yake.

Kwenye jiko la umma, mgawaji alimjazia sufuria. "Leo una bahati, shangazi. Kuna nyama."

Vitorin alichovya kidole kwenye mchuzi, akampa Nina. Mtoto akautema, akalia. Bibi akala nyama yote huku machozi yakimtoka, maana njaa haina haya, kisha akampa mtoto titi lake kavu anyamaze.