Kikasha cha Sabuni

"Hiyo si chaja, ni mwizi!" mkunga alimfokea bintiye huku akimpungia simu usoni. "Nimeichomeka ikiwa na asilimia arobaini, sasa ina ishirini na tisa!"

Binti alikuwa ameiunda chaja hiyo kwa betri za kompyuta mbovu, akazipanga ndani ya kikasha cha sabuni ambacho bado kilinukia waridi.

"Mama nawe! Betri moja imechoka, ndiyo inavuta umeme. Simu yako imekuwa ikiichaji chaja."

Mkunga alikodoa macho, kisha akaangua kicheko. "Miaka yote ya kuzalisha, sijaona mtoto akimnyonyesha mama!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ila mjamzito alikuwa akimsubiri mkunga ng'ambo ya bonde, kusiko na umeme. Simu ikizima huko, gari la wagonjwa angeliitaje?

"Betri mbovu naitoa sasa hivi," binti alisema. "Ila nahitaji diodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kipo kwenye... redio yako."

"Redio yangu ya taarabu?"

"Hiyo hiyo, mama yangu mzuri."

Mkunga aliitazama redio pale kabatini, akashusha pumzi, akachukua bisibisi na kuifungua mwenyewe. "Haya, fundi wa sabuni, ng'oa!"

Binti aling'oa, akalehemu, akachomeka. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja!

Mkunga alipiga kigelegele, akakitia kikasha mkobani kando ya glavu, akatoka mbio.