Nguzo ya Kumi na Mbili

Saa nne asubuhi Zeliha aliingia kwenye duka la fanicha na kitambaa chenye maji, akampangusa mumewe uso. Bekir alikuwa amesimama palepale katikati ya sofa mbili, dari begani. Miaka tisa iliyopita mwenye jengo alimwajiri, yeye fundi mwashi, aivunje nguzo iliyokuwa hapo ili duka lipate kioo kipana cha mbele. Nguzo ilipotoka, dari ilishuka vidole viwili. Bekir akaweka bega, akasema ni kwa muda tu. Mwaka wa sita moyo wake ulisimama, Jumanne moja, naye hakupiga magoti. Juu yake walilala watu wa familia nne. Imamu alisema hawezi kumzika mtu aliye kazini.

Sasa jengo lilikuwa linauzwa, na sheria ilidai nguzo zote za kwenye ramani ziwepo, ndipo cheti cha ukaguzi kitolewe. Zeliha alikuwa ameshanunua sanda. Alipiga hesabu kwamba watalazimika kumwaga nguzo mpya ya zege, na Bekir atatolewa hapo azikwe kama watu wengine.

Mkaguzi wa manispaa alikuja na mnunuzi, Kenan. Alihesabu nguzo kumi na moja za zege. Akamfikia Bekir, akamzungushia tepu ya kupimia kiunoni, akamgonga kifua kwa nyundo ndogo, akatega sikio.

"Hii ndiyo imara kuliko zote," alisema.

"Huyo ni mume wangu," Zeliha akasema.

"Najua, mama. Ramani inataka nguzo kumi na mbili. Haisemi ziwe za nini."

Kenan aliuliza kama marehemu ana ufa popote. Mkaguzi akamjibu kuwa hata tetemeko la mwaka juzi halikumtikisa, na kwamba kumwaga zege kungefunga duka wiki tatu bure.

"Binti yako ungemlaza huko juu, wewe?" Zeliha aliuliza.

"Binti yangu anakaa kwenye nyumba yenye nguzo, mama," mkaguzi akasema, akaweka cheti juu ya mkono wa sofa, akakigonga muhuri.

Wiki hiyo mafundi wa Kenan walipaka kuta rangi ya maziwa, na Bekir wakampaka mara mbili. Kisha wakajenga chumba juu ya paa. Ijumaa familia ya tano ikahamia, ikapandisha friji, kabati na mashine ya kufulia. Bega la Bekir lilibonyea kidogo. Zeliha alipanda ngazi zote, akabisha hodi, akawaomba watembee taratibu.