Udi wa Yaay Dior Ndani ya Kiyoyozi

"Mdogo wangu Oumou amesema dereva wake atanifuata alasiri, nikakae kwake," alisema Yaay Dior, mama wa mume wangu, huku akikohoa. "Kifua changu hakiiwezi tena Dakar."

Nilimsaidia kukunja maboubou yake, yale magauni mapana, moyo ukiniuma. Tangu niolewe, ndiye niliyezoea kuzungumza naye bila kuona haya. Na nilijua Dakar haina kosa. Kosa lilikuwa juu ya kitanda chake: kiyoyozi kilichonuka kama soksi mbichi tangu mvua zianze. Kikinuka, Yaay hufunga madirisha, akawasha chetezo na kuzidisha udi.

"Yaay, naomba nikifungue kabla hujaondoka."

Malamine, mume wangu, akacheka mlangoni. "Coumba huyu huyu? Anayemnong'oneza hata muuza mkate, leo fundi?"

"Zima swichi kubwa," nikamwambia. Akazima.

Nilijifunga kitambaa puani, nikapanda stuli, nikainua kifuniko. Chujio lilikuwa limeota manyoya meusi. Nyuma yake, vibati vyembamba vinavyotoa baridi vilijaa kuvu, na bomba la maji limeziba. Nikapitisha kidole. Kilinata. Kuvu tupu hainati hivyo.

Hapo nikasita. Kwetu kila mama huchanganya udi wake mwenyewe, mbegu, miski na mafuta, na heri ukosoe wali wake kuliko udi huo. Lakini nikinyamaza, nitasafisha leo, na baada ya muda kikohozi kitarudi.

Nikashuka na kumnyooshea kidole. "Yaay, nusa."

Akanusa. "Hii miski yangu."

"Ndiyo. Moshi wake una mafuta. Mashine inauvuta, unaganda kwenye vibati vyenye maji, vumbi linanasa, kuvu inajilia."

"Kwa hiyo udi wangu uchafu?"

Malamine ghafla akaona jambo la maana sana kwenye simu yake.

"Udi wako mzuri, Yaay. Hata kuvu imeupenda. Tutauchoma, ila madirisha yawe wazi na mashine imezimwa."

Nikarudi juu ya stuli. Nilisugua vibati kwa maji ya sabuni na brashi laini, nikifuata mistari yake, kisha nikapuliza bomba mpaka maji meusi yakamwagika kwenye ndoo. Chujio nilililoweka, nikalisuuza, nikalianika. Yaay aliendelea kukunja nguo zake, mpaka nikadhani nimemuudhi kabisa. Lakini neno langu sikulijutia, lilikuwa kweli.

Mwishowe akachukua simu.

"Oumou, mwambie dereva asije. Ndiyo, bado nakohoa. Mkaza mwanangu anasafisha mashine, na bila msimamizi ataiharibu."

Akakata simu, akanyoosha kidole juu.

"Pale pembeni umeruka. Rudia."

Nikarudia.