Ila za Msemaji wa Nana

Kwetu chifu hasemi na watu moja kwa moja. Ana msemaji wake, ambaye husimama na fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Nana, chifu wetu, aliponiteua mimi, Kwaku Amponsem, sikushangaa. Baada ya useremala wa mchana nilisoma shule ya usiku miaka sita, na kamusi nimeimaliza mara mbili.

Tatizo lilikuwa kiwiko. Mbele ya Nana mwanamume hushusha nguo begani, na kiwiko changu cha kulia kina magamba meupe ya soriasi. Opanyin Badu, mzee wa baraza aliyeitaka fimbo hiyo kwa ajili ya mkwewe, aliyaona.

“Nana, mila haitaki mwenye ila karibu na kigoda cha chifu. Huyu anabanduka kama ukuta!”

“Mimi nabanduka ngozi, Badu. Wewe akili.”

Baraza likacheka, lakini Nana akamwita Nesi Dufie wa zahanati. Dufie akatazama kucha zangu, zenye vishimo kama kastabini, kisha akabonyeza vidole vyangu viwili vilivyovimba.

“Amponsem, magamba haya hayaambukizi. Ila vidole hukakamaa asubuhi?”

“Uzee tu.”

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka kengele ya shule ilie.”

“Huo si uzee. Ni ugonjwa uleule, umeingia kwenye viungo. Usipotibiwa, fimbo hutaishika. Na wenye ugonjwa huu hupatwa na presha na kisukari zaidi kuliko wengine. Lete mkono.”

Katika kitabu changu cha afya nilikuwa nimesoma kurasa zote za ngozi. Za viungo niliziruka, maana hazikunihusu.

Presha ilikuwa juu kidogo. Badu akapiga makofi. “Ila ya pili hiyo!”

“Na wewe njoo, Opanyin,” Dufie akasema.

“Mimi? Mimi mzima kama jiwe la kusagia!”

Nana akamtazama, Badu akatoa mkono. Dufie alimpima mara tatu, kisha akamwambia akae na asiinuke ghafla. Wazee tisa wakafuata, kwa shingo upande. Huyu sukari, yule presha. Hadi adhuhuri hapakuwa na mwili usio na ila. Nana mwenyewe alivuta mguu wake wenye jongo chini ya nguo. Mimi niliuona, lakini msemaji hasemi yote.

“Basi ila ni kushindwa kazi,” Nana akasema haraka. “Amponsem, shika fimbo.”

Nikaishika. Ikaniponyoka, ikaanguka mbele yao wote.

“Nenda hospitali ya mjini,” Nana akasema. “Itakusubiri.”

“Wakati huo, mkwe wangu…” Badu akaanza.

“Wakati huo itaegemea ukuta.”

“Na ukuta wenyewe unabanduka,” nikamwambia Badu.

Nilitibiwa miezi mitano, sikuruka kidonge wala ukurasa. Kisha niliishika fimbo mbele ya mji mzima, asubuhi, kabla ya kengele ya shule. Badu alikuwepo mstari wa mbele, akimeza kidonge chake cha presha.