Shanga Nyekundu za Majaliwa

Mwaija aliingia kwangu asubuhi bila kupiga hodi, akaketi ukumbini, akanirushia mapajani uzi wa shanga nyekundu.

"Somo, nipeleke kwa kadhi. Nataka talaka yangu."

Mimi Mwanamvua, kungwi, nimefunda wanawake toka Dunda hadi Mlingotini, tangu Sayyid Bargashi angali hai, na kesi za talaka nimezizoea. Hii iliniuma. Mwaija alikuwa na miaka thelathini, ameshaachwa mara moja na mume aliyekuwa akihamia kwa suria miezi mizima. Alipoolewa na Majaliwa seremala, miezi minne nyuma, alimpenda mpaka tukamcheka. Hakai kutwa bila kumpelekea uji karakanani.

"Kakufanya nini?"

"Kaziweka hizi kitandani. Mara ya pili sasa. Halafu anakwenda kulala barazani, siku nane. Nami sikuwa mwezini, somo! Ananiambia mimi najisi."

Hapo damu ilinichemka. Kwetu mambo ya chumbani hayasemwi. Mke akiwa katika siku zake huweka shanga nyekundu juu ya mto wa kulalia, mume akaelewa. Akitoharika huweka nyeupe. Ndivyo tulivyofundwa, ndivyo tunavyofunda. Tangu nizaliwe sikupata kusikia mwanamume anagusa shanga hizo, sembuse kumwekea mkewe.

Nikajifunga leso, nikamshika mkono, tukaenda karakanani. Majaliwa alikuwa amepiga magoti anachonga kizingiti cha mlango.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Hizi nini?"

Aliziona shanga, patasi ikamponyoka. Akamtazama mkewe, akainamisha kichwa kama mtoto wa chuoni aliyesahau sura yake ya Kurani.

"Sema," nikamwambia, "au tunakwenda kwa kadhi sasa hivi."

"Niliziweka kwenye mto wangu," akasema polepole. "Wangu mimi, Mwaija. Si wako."

Mwaija akazitazama zile shanga mkononi mwangu. Nilimwona anakumbuka.

"Nina malengelenge sehemu za siri. Niliyapata safari ya Ujiji, kabla sijakujua. Yanatoka, yanakauka, unasahau, halafu yanarudi. Siku moja kabla, ngozi hunichonyota, nikajua yanakuja. Nikaona wewe hunipa ishara, nami nikupe. Sikuwa na njia nyingine."

"Mdomo hukuwa nao?" nikamuuliza.

"Mama, nilidhani ataniacha. Na watu wangesema nimeingia kwa mke wa mtu nikanaswa na tego."

Mwaija alisogea, akapiga magoti mbele yake juu ya maranda.

"Siku ya harusi ulikuwa nayo?"

"Wallahi nilikuwa mzima. Ningekuwa nayo nisingeingia."

"Lakini ulijua. Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Hilo ndilo lililoniumiza. Maradhi ni ya Mungu. Mimi nilikuwa barazani mwa roho yako miezi minne, nikidhani niko ndani." Machozi yalikuwa yakimtoka, na mkono wake umeshashika wa mumewe. "Usinichagulie tena, Majaliwa. Niambie, nichague mwenyewe."

"Nitakuambia."

Nilipaswa kuondoka, lakini mimi somo, na kazi yangu ilikuwa haijaisha. Nikawaketisha. Nikawaambia ngozi ikianza tu kuchonyota, kila mtu na kitanda chake, wasingoje kuona lengelenge. Wasirudiane mpaka magamba yamedondoka na ngozi imekuwa laini kama ya pembeni. Vidonda vioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, vikaushwe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kiwe chake peke yake. Akigusa, anawe mikono, asijisugue macho. Asichoke kupita kiasi, maana uchovu na homa huyaita. Na Mwaija akishika mimba, wawe waangalifu maradufu, hasa miezi ya mwisho.

"Tukifanya yote hayo," Mwaija akauliza, "hayatanipata?"

Ningeweza kumdanganya. Wengi huwadanganya wari wao.

"Sijui, mwanangu. Hatari inapungua, haiishi. Kuna siku huwa yamo na ngozi haioneshi kitu. Nimewaona wanawake waliojitunza na bado yakawapata, na wengine hayakuwagusa mpaka wamezeeka."

Majaliwa alifumba macho. Mwaija akajifuta uso uliolowa, akacheka kidogo.

"Na uji wako nani angekuletea?" akamwambia. "Nabaki. Lakini ukichonyotwa, useme. Kwa mdomo."

Nilifurahi. Nilimpenda Mwaija tangu siku nilipomfunda, na siku ile nilimpenda na mumewe. Ndipo Mwaija akanigeukia.

"Somo, umeyajuaje yote haya? Mpaka kuchonyota?"

Nilitaka kumjibu kwamba kungwi hujua kila kitu. Lakini nilishamsuta Majaliwa kwamba mdomo anao.

"Marehemu mume wangu alinipa maradhi haya haya," nikasema. "Mwaka wa kwanza wa ndoa. Alijua, akanyamaza. Mimi nikaamini mke mwenzangu kaniroga. Mosi, jina lake. Alikuwa akiniletea supu nikiumwa, nami naimwaga uani mbele yake. Miaka ishirini. Mume wangu alinieleza ukweli siku tatu kabla ya kufa, na Mosi alikuwa ameshatangulia."

Mwaija akanizungushia mikono. Majaliwa alinisogezea kigoda, akasimama pembeni.

Nikalia pale karakanani mchana kweupe, mwanamke mzima, somo wa mji. Sikumlilia mume wangu. Nilimlilia Mosi, ambaye alipokufa nilikaa nyumbani nikatwanga mpunga, sikukanyaga matangani kwake.