Jina la Bi Hija Kwenye Kopo

Karatasi ilimtia Mwanabaraka aibu mbele za watu. Achari ya embe ya mama yake, Bi Hija, inayosifika Buguruni nzima, ilirudishwa na Erasmus, mwenye duka kubwa kule Bunju, kwa sababu mafuta yaliilowesha lebo ya karatasi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Erasmus alisema kiungwana kwamba achari ni tamu, ila kopo lisilo na jina haliweki rafuni. Akampa nafasi moja ya mwisho.

Na hilo jina ndilo Mwanabaraka alilokuwa akilipigania. Miaka yote Bi Hija anapika, watu wanajilamba vidole, na hakuna anayejua nani kapika. Ukimsifu, anajificha nyuma ya pazia la jikoni. Ukimwambia ajitangaze, atakwambia kizuri chajiuza.

Basi Mwanabaraka akanunua makopo mapya ya plastiki. Jamani, plastiki! Tuitukane inapoziba mitaro, ni haki yake, lakini kopo zuri lina raha yake: jepesi, likianguka halivunjiki, na mafuta ya achari hayavuji hata tone. Akayapeleka nyuma ya soko kwa Kokuberwa, mama wa Kihaya anayechapa maandishi kwenye plastiki yenyewe. Kokuberwa akachapa kopo la kwanza, likakauka, akalipitishia ukucha. Jina likatoka lote.

Mwanabaraka machozi yakamlengalenga. Kokuberwa akalinusa lile kopo, akauliza nani kayapaka makopo mafuta ya nazi.

Nani tena kama si Bi Hija! Kwake yeye, chombo cha kwenda kwa mgeni hakitoki nyumbani kikavu, lazima king'ae. Jana yake alikuwa ameyafuta yote kwa mafuta, moja moja, bila kutumwa na mtu. Mama wa watu kalifuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Kokuberwa alicheka mpaka akakaa chini. Makopo yakaoshwa kwa sabuni, yakakaushwa, kisha akayachukua na kuyapitisha kwenye moto wa gesi, upesi upesi, huku akiyazungusha. Mwanabaraka akafumba macho akijua yanayeyuka. Wapi! Hakuna lililojikunja. Plastiki ina maringo, Kokuberwa akamweleza, wino haiutaki mpaka uioneshe moto kidogo. Akausukuma wino mwekundu kupitia kitambaa chepesi kilichowambwa kwenye fremu, kopo likazunguka chini yake, na jina likatua: ACHARI YA BI HIJA. Safari hii ukucha ulipita, mafuta yakapita, jina lipo palepale. Mwanabaraka aliligeuzageuza lile kopo, moyo umemjaa, hata kulitia mkobani hataki.

Achari ilipokwisha kujazwa makoponi, Bunju alikwenda na mama yake, maana Bi Hija aling'ang'ania kwenda kuomba radhi kwa usumbufu. Dukani akasimama nyuma ya bintiye, ushungi kaushusha. Erasmus akalisugua kopo kwa kidole chenye mafuta, akalikwangua, akaguna kwa kuridhika. Akayapanga makopo rafuni, majina yote yakitazama mlangoni, halafu akauliza huyo Bi Hija ndiye nani.

Mwanabaraka alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Mkono ukamsogeza pembeni taratibu.

"Ni mie, baba," akasema Bi Hija. "Hiyo napika mie."